Dawa Yako Imegawanya Sahani Yetu

Katuba, Lubumbashi
Tarehe 11, mwezi wa sita 2025

Mupendwa mujukulu wangu Graciella, mbanda wangu, muke mwenzangu wa kucheka,

Jambo sana. Uko muzima? Baridi ya Bulaya inakuachilia kidogo ao bado? Unakula? Ku foto ya Pasaka shingo yako ilikuwa sawa ya kuku wa Lukafu. Shiye tuko, Mungu anatuchunga. Kambo yako Edmond, babu yako mwenye tunamuita bwana wetu shiye wawili, yuko, lakini kwa kiasi.

Sasa nitakugombeza. Ikaa chini.

Ile dawa ulituma na shangazi yako Wivine ilifika. Naltrexone, vidonge vya unga, kimoya kila mangaribi, juu ya maumivu yangu ya mwili muzima yenye munganga alisema haitaisha. Nilimeza. Juma ya tatu niliinama kufagia lupango ya nyumba bila kulia. Nikakusifu mu kanisa mbele ya bamama bote. Kumbe nilifanya haraka.

Unatujua. Miaka makumi ine na saba tunakula na Edmond sahani moya. Samaki ikiwa moya, kichwa yake, mukia yangu. Sasa miye nipone peke yangu, yeye akae na kansere ya mifupa ananiangalia? Siropu ya morfine yenye Faustin wa hospitali anamuletea inamusaidia, lakini maumivu ilikuwa inarudi mbele ya saa ya kukunywa tena. Basi nikafungua kidonge kimoya, nikamwanga nusu ya unga mu uji yake, nusu mu yangu. Nusu tu!

Graciella, niliona mambo. Saa moya haikwisha, mihayo, jasho, kutetemeka, tumbo ikaachia, na maumivu yote ikarudi sawa vile siropu ilikuwa maji. Edmond mwenye hakulia wakati reli ilimuvunja muguu, siku ile alilia. Faustin akafika, akauliza mzee alikula nini. Nikajibu: uji. Sikudanganya, ilikuwa uji.

Akafikiri siropu imekuwa kidogo, akashika chupa aongeze. Pale nikamushika mukono. "Acha! Miye nilimupa!" Nikamuletea chupa yako. Alisoma, akanitazama sana. "Kambo, hii na morfine haikae mu nyumba moya. Inaziba pale morfine inaingilia." Bakamupeleka hospitali, bakamuchunga siku mbili. Sasa siropu inafanya kazi tena.

Lakini miye sielewi. Dawa yenye kuziba dawa ya maumivu, inaondoa maumivu yangu namna gani? Faustin anasema banafikiri kiasi kidogo kinaamusha mwili utengeneze dawa yake yenyewe, lakini si kwa muntu mwenye anakunywa morfine. Nilimurudilisha kusema ile mara tatu. Kitu kimoya, kwangu rafiki, kwake mwizi? Hata chumvi haifanye vile! Na weye, na masomo yote ile, ulishindwa kuandika ku chupa: Kambo, usigawe?

Najua, ulimutuma Wivine aniambie. Aliniambia. Nilisema ni maneno ya bachoyo.

Niendelee kumeza ao niache? Mugongo inasema niendelee. Macho ya Edmond, sijue inasema nini.

Maana tangu arudi anaomba sahani yake peke yake. Hagombe. Jana kulikuwa samaki ya Kasenga. Nilikata mukia yangu, nikangoja. Alikula ugali ya bukari na majani ya sombe tu. Kichwa ilibaki mu nyungu mpaka nikaipa paka wa jirani. Ile inaniuma kupita mugongo, na haina kidonge.

Muandikie bwana wetu, na mukono yako, si ku telephone. Mwambie muke yake alikosa juu ya kugawa, si juu ya kuua. Miye nilimwambia, akasema "ndiyo" tu. Weye ulisomea dawa, atakuamini. Na andika pia kwamba uji haina kosa.

Salimia bwana yako Dan na katoto Abigaëlle. Bandugu zako Constantin na Léa banakusalimia. Mungu akufunike na mukono yake, akupe maziwa na nyama ku shingo.

Miye kambo yako, mwenye kukupenda hata nikigomba,

Émerance