Bakuli Kavu la Nasra

Mama, shikamoo. Sasa hivi mjukuu wako Nasra kaniletea bakuli aliloliweka roshani kukinga mvua. "Kavu, Mama! Baba aje!" Mtoto wa miaka mitatu kawashinda watu wa hali ya hewa!

Siku tatu wanatutisha: Novemba hii mvua Omani nzima, mabonde yatafurika. Basi bosi wa baba yake huko Nizwa kamzuia kuja Maskati, na sisi tumepanda ndege kumfuata yeye! Mbingu nyeupe, hata wingu la kumtisha kuku hakuna. Kwetu vuli inamwagika na watu harusini wanakwenda!

Samli yako sijaifungua, namngojea, maana atakuja tu. Jitunze kifua, Mama, na ukisikia tena habari za mvua ya huku usi… Wifi tuliyefikia kwake anapiga kelele dirishani: "Mama Nasra, gari ya mumeo hiyo! Shuka!"