Bihogo na Ngozi ya Ndama Wake

Murusagamba, Jumamosi

Vumbi tupu leo, jua kali la kiangazi, na mimi nina furaha mpaka naona haya. Baba Ana amerudi kutoka vitani. Mzima, kakonda tu. Alifika jana jioni bila taarifa, nikamwaga sufuria nzima ya maharage.

Lakini asubuhi hii nilitaka kumpiga.

Ngoja nieleze. Ndama wa Bihogo, ng'ombe wetu, alikufa akiwa mchanga, na Bihogo akagoma kutoa maziwa. Yangu mimi yalikuwa yamekauka baada ya malaria. Ana wetu ndiyo kwanza anajifunza kukaa, na duka la kijiji halina maziwa ya kopo wala sukari tangu vita vianze. Basi baba mkwe akafanya kama wafanyavyo wazee wa huku: akamchuna yule ndama, akaijaza ngozi majani makavu, akaipaka chumvi. Kila asubuhi mimi naishika mbele ya Bihogo, yeye anailamba, baba mkwe anakamua. Hivyo ndivyo mtoto wangu alivyopona.

Kwa hiyo nimekuwa uso kwa uso na ng'ombe huyu kila siku. Nimemwona akinusa majani yanayochomoza tumboni mwa ngozi, anatulia kidogo, halafu anarudi kulamba. Nikawa najisemea, mnyama ni mnyama, hajui kitu. Nilimhurumia, na kusema kweli nilimdharau kidogo.

Sasa jana mwanamume katoka vitani, anakuta kitu kinanuka mzoga kimetundikwa nyuma ya nyumba. Hakuuliza mtu. Asubuhi natafuta ngozi huku na huku, ndipo akaniambia kwa sauti ndogo, "Nimeizika, Mama Ana. Harufu ile siiwezi tena."

Hasira ikaniisha hapo hapo, ikabaki hofu. Ana alikuwa analia ndani. Nikaenda kwa Bihogo mikono mitupu, baba mkwe kachuchumaa tayari na chombo chake. Bihogo akatafuta kushoto, akatafuta kulia, akanitazama. Kisha akanusa viganja vyangu, akavilamba taratibu, na nikasikia maziwa yanaanza kugonga chombo.

Nililia kama mtoto.

Baba mkwe hakuinua hata kichwa. "Huyu alikuwa anajua," akasema. "Toka siku ya kwanza. Alikuwa anajikaza tu."

Maneno hayo nimeshinda nayo. Maana kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu Baba Ana aondoke, nimekuwa nikilala nimekumbatia koti lake. Nilijua fika kwamba ni koti. Nilijiona kabisa ninavyojidanganya, na bado nikajidanganya kwa makusudi, kwa sababu bila hivyo nisingeweza kuamka nikashike ile ngozi. Kama Bihogo naye alijua, basi naye alikuwa anajiona. Kumbe muda wote huu tulikuwa tunatazamana, yeye na ngozi yake, mimi na koti langu, na mjinga kati yetu hakuwepo.

Au nampa ng'ombe mawazo yangu? Sijui. Nilichoona ni kwamba maziwa yametoka.

Jioni hii Baba Ana amelivaa koti kwenda kutazama migomba. Nimesimama mlangoni na Ana begani, ameshiba, anacheua. Koti ni lile lile, ila sasa lina mtu ndani.

Kesho nitalifua.