Bidoni za Buluu

Butembo, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima, ni baridi tu inanichokoza. Na wewe, goti linasemaje?

Dereva aliyebeba barua hii anakuletea bidoni nne za buluu, madumu yenye vifuniko. Zilikuwa tupu nyuma ya depo, lile ghala tunapofanya kazi. Nimezisugua kwa sabuni na mchanga siku mbili, hata harufu imekwisha. Chota maji ya source, ile chemchemi yetu, asubuhi, funika, yatabaki safi siku nzima. Sitaki tena kusikia umeanguka kwenye ule mteremko.

Binti yako, Hulda

Mulekera, 19 Machi

Hulda mwanangu,

Mimi bado nasimama, Mungu asifiwe. Wewe unakula vizuri? Bidoni zilifika, aksanti sana. Mbili nimempa jirani, Mama Shalom, ana batoto wengi. Zangu nimeziweka kwanza, ningoje wageni wa Pasaka.

Lakini huku tumeona mambo! Shalom anatapika, mate yanamtoka, na wadogo zake wawili vilevile. Watu wakasema source imetiwa sumu. Mzee Nzanzu, anayeisafisha kila Jumamosi, wakamfukuza. Source wameifukia, nami nilisaidia. Sasa tunachota mtoni, chini ya pale tunapofulia.

Mama yako

Butembo, 22 Machi

Mama,

Leo sina salamu. Nilimsomea Grady, mlinzi wa depo, barua yako. Akaruka: "Bidon za buluu? Lakini Hulda, ile ilikuwa dawa ya kuua badudu! Batu ya kule Kipese banapulizia viazi shambani. Hapana kunywa mayi ndani!"

Mama, source haina kosa. Sumu nimeituma mimi. Toboa bidoni zote leo. Mwambie daktari ni dawa ya wadudu. Waambie watu wafukue source, Mzee Nzanzu arudi.

Hulda

Mulekera, 25 Machi

Mwanangu,

Shalom tumemzika jana. Wadogo zake daktari anasema watapona; nilimnong'oneza habari ya dawa. Bidoni nimezitoboa. Za Mama Shalom nilizichukua nikidanganya kwamba zinavuja.

Wengine sijawaambia. Nikisema, watakuua. Acha waseme ni source. Maji ya mto tutachemsha, tutazoea. Usije.

Mama yako

Butembo, 26 Machi

Mama,

Kuni za kuchemsha maji ya mtaa mzima zitatoka wapi? Kesho watoto wengine watahara, na hao tutasema wameuawa na nani? Nakuja Jumamosi, nitasema mwenyewe mbele ya wote. Ninakuogopa wewe unayeficha kuliko wao watakaoniua.

Hulda

Mulekera, 28 Machi

Hulda wangu,

Sikungoja Jumamosi. Asubuhi nimekwenda kwa Mama Shalom, nikapiga magoti, nikasema yote. Wanaume wameshika majembe, wanafukua source. Mzee Nzanzu ametumiwa mtu wa pikipiki.

Mama Shalom hakunipiga, hata kulia hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: yale maji ya sukari na chumvi aliyokuwa akimnywesha mtoto kijiko kwa kijiko ili apone, yalitoka katika bidoni ile?

Nikamwambia ndiyo.

Mama yako