Jina Ulilonituma Nilitaje

Mama yangu kipenzi,

Desturi ya barua ni kumuuliza mtu hali yake kwanza, nami nimekaa na kalamu tangu adhuhuri sijui nikuulizeje. Basi nikupe yangu. Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa. Mwaka wa pili huu tangu uniache, na bado nikirudi kutoka kazini napiga hodi, na ufunguo ninao mkononi. Zamani ulikuwa ukiitikia kutoka jikoni, "Karibu, wakili wangu." Siku hizi naingia bila kukaribishwa.

Nina jambo la kukata shauri kabla ya Ijumaa na sina wa kumuuliza, ndiyo maana nakusumbua. Nimepata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea sheria. Vita vimekwisha, meli za abiria zimeanza tena, na fomu iko hapa mezani inangoja niijaze. Nikienda, ni miaka, si miezi. Nyumba yetu hii ya Kibokoni itafungwa, na kaburi lako kule Kikowani halitakuwa na wa kulizuru kila Ijumaa. Shangazi wa Bondeni amekuja mara mbili kunizuia. "Uende kote huko ukajifunze kusema uwongo kwa Kizungu?" aliniambia. "Kaa uowe." Mchumba keshamtafuta, tena binti wa watu, siwezi kumtia dosari hata moja.

Unakumbuka hilo jina la wakili lilianzaje? Ulikuwa umetoka eda ya Baba, nami sijatimiza miaka kumi. Tulikwenda ofisi ya ardhi kuandikisha nyumba. Ulinishika mkono kwa nguvu tangu mlangoni petu hadi kwenye kile kidirisha. Karani alikuwa Mgoa, mtu wa miwani na haraka nyingi. Akauliza jina la mumeo. Ukasema, "Babake huyu." Akauliza tena. Ukasema, "Mwenyewe, marehemu." Watu nyuma yetu wakaanza kuguna, karani akagonga meza, nawe ukainamisha macho. Sikuwahi kukusikia ukimtaja Baba kwa jina hata siku moja. Kwenu hiyo ndiyo heshima, mke hamtaji mumewe, na kufa kwake hakukukupa ruhusa ya kuanza. Kisha nikahisi umenifinya bega. Nikasimama kwa ncha za vidole nikasema, "Abdalla bin Athmani." Karani akaandika, mambo yakaisha.

Mchana ule ulinipikia mkate wa sinia, nikala robo nzima peke yangu. Halafu ukaniuliza, umenipa mgongo unaosha vyombo, "Ulimwambiaje yule karani? Hebu litaje tena." Nikalitaja. Ukaendelea kusugua sinia. "Mara nyengine." Nikalitaja tena. Nilidhani unanipima kama nimelishika. Mtoto mjinga mimi. Hukuwa unanipima chochote, ulikuwa umemkumbuka mumeo na hukuwa na njia ya kumwita. Haya nimeyafahamu juzi juzi tu, nilipobaki peke yangu.

Kazi yangu ya ukalimani mahakamani uliipenda kuliko nilivyoipenda mimi. Ulikuwa ukinipigia koti pasi kila asubuhi na kuwahadithia majirani kwamba hakimu hasikii kitu mpaka mwanao aseme. Kweli nusu hiyo, Mama. Shahidi akisema kwa Kiswahili, mimi humwambia hakimu kwa Kizungu yale yale, bila kuongeza wala kupunguza. Nimeapa hivyo. Sikukueleza kwamba mkalimani hana lake la kusema, maana nilipenda ulivyonisifu.

Sasa nikwambie lililonipata. Miezi saba iliyopita alipanda kizimbani mama mmoja mjane, shemejiye anataka kumtoa katika nyumba aliyoachiwa. Shemeji alidai mama huyu hakuwa mke wa nduguye, alikuwa mtu tu aliyekaribishwa akakaa. Mama wa watu hakuwa na wakili. Wakili wa shemeji akainuka akamuuliza mumewe aliitwa nani. Akasema, "Baba Fatuma." Akaulizwa jina lake hasa. Akasema, "Mwenyewe." Akaulizwa mara ya tatu, akainamisha macho.

Vile vile kama wewe, Mama. Nilijua pale pale kwamba hakuna mke kama huyu, kwamba anavyonyamaza ndivyo anavyomheshimu mumewe. Hakimu akanigeukia, shahidi amesema nini? Ningeweza kuomba ruhusa nieleze. Lakini wiki moja kabla hakimu huyo huyo alinikemea mbele ya watu kwa kutia maelezo yangu, nikaogopa. Nikasema, "Hakusema kitu, bwana." Akaandika kwamba shahidi amekataa kujibu. Siku ya hukumu, nyumba ilikwenda kwa shemeji.

Mama yule alinisubiri ngazini. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alinitazama akasema, "Mwanangu, kwani wewe huyui? Mamako hakuwa mke wa mtu?" Kisha akashuka. Nasikia amehamia kwa nduguye, Likoni.

Sijapata usingizi mzuri tangu siku hiyo, na chakula nakila kwa kujilazimisha. Ungekuwepo ningekwambia jioni ile ile, ungenigombeza vizuri, nikalia, mambo yakapungua. Nilikwenda nikamweleza wakili mmoja wa Kihindi ambaye husali msikiti wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wewe pale hapana ruhusa kusema," aliniambia. "Wakili nasimama, nasema, hakimu lazima nasikia." Ndiye aliyenitafutia nafasi hii.

Usidhani mwanao amekuwa shujaa. Naogopa baridi. Naogopa kukaa mezani na watu wasionijua, ingawa hapa pia mezani nakaa na kiti chako. Naogopa zaidi kwamba nitarudi nikute paa limeporomoka na Shangazi amezeeka, nami nimesahau sauti yako ilivyokuwa. Na joho, mawakili wanavaa jeusi. Lile pazia jeusi ulilolishona wakati wa vita, la kuziba taa zisionekane na ndege, bado liko dirishani. Nikikosa kitambaa nitalichukua hilo, ungecheka.

Jina la baba katika fomu nimeliandika bila taabu, nimelizoea tangu kidirishani. Chini yake wanataka jina la mama. Hapo kalamu ilisimama. Mimi nimekuita Mama, mtaa mzima umekuita Mama Saidi, na waliokuja kunipa pole walimlilia Mama Saidi. Shekhe peke yake ndiye aliyekutaja, ukiwa umeshafukiwa. Nimefikiri sana kama nimewahi kulitamka jina lako kwa kinywa changu, nikaona sijawahi. Mwana naye ana heshima zake.

Nimeliandika, Mama. Mwanaisha binti Shee. Nimetia sahihi, na kesho asubuhi naipeleka. Naenda. Mama mwengine akipanda pale akainamisha macho, nataka awepo mtu wa kuinuka.

Nilipoweka kalamu nililisema kwa sauti hapa sebuleni, nisikie lilivyo. Nikasubiri. Hakuna aliyeniambia mara nyengine.

Nimelitaja mara nyengine.

Nitapita Kikowani kukuaga kabla meli haijaondoka. Unisamehe Ijumaa zote nitakazokosa.

Mwanao, na wakili wako tangu ofisi ya ardhi,

Saidi