Fortunato Chuquimia, Fundi Aliyesingiziwa Kuua Injini ya Nozeli

Leo unatimia mwaka, Fortunato, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya Oktoba hapa El Alto, juu kwenye milima ya Bolivia, chai yako ya majani ya koka ikiwa bado ya moto mezani. Ulikufa kwa ugonjwa wa moyo. Hatutasema uliuawa na maneno ya watu, kwa sababu hatuwezi kulithibitisha, na wewe hukumpenda mtu anayesema asichokipima.

Kwa miaka thelathini na minane ulikuwa fundi wa kabureta. Huku juu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa bondeni hulewa petroli na kutoa moshi mweusi. Dereva akishuka kwenye mabonde ya Yungas ulimwekea vijitundu vikubwa vya kupitisha mafuta; akipanda kurudi, vidogo. Ulitega sikio, ukageuza skrubu robo mzunguko, ukafuta mikono, basi.

Magari ya nozeli, yanayopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, yalipoingia, mafundi wenzako waliyaita takataka. Wewe, ukiwa na miaka hamsini na minane, ulinunua mita ya umeme ukaanza kujifunza upya. Ulimwambia binti yako Eulalia, "Mwanangu, kabureta ikiugua unaiona. Hii inajirekebisha yenyewe kimyakimya mpaka siku inashindwa. Pima kwanza, ndipo ufungue." Kila kipimo ulikiandika kwenye daftari.

Ulikuwa mpole kwa watu, lakini kazi chafu ilikutia kinyaa. Ulimchukia anayepuliza nozeli kwa mdomo, na anayefuta taa ya hitilafu kwa mashine kisha akamrudishia mwenye gari ugonjwa uleule. "Huyo si fundi," ulisema, "huyo ni mganga wa taa."

Sasa tuseme habari ya basi dogo la Casiano Laruta, baba wa mtoto uliyemsimamia ubatizo.

Jumanne ya Kanivali mwaka jana, sikukuu ya kabla ya Kwaresima, kama ilivyo desturi, alifungua boneti akaimwagia injini bia na maua, kumshukuru Mama Ardhi. Injini ya kabureta huvumilia hayo. Unakausha nyaya, unawasha. Ya nozeli haivumilii. Daftari lako linasema: kihisio cha hewa, volti 2.6, injini ikinguruma bila kukanyagwa. Baada ya kusafishwa, volti 1.0, kama inavyotakiwa. Uliandika pia ulichokikuta ndani: bia iliyoganda kama gundi, maua yaliyooza, nzi wanne.

"Kaka, Mama Ardhi mmwagie ardhini," ulimwambia. "Ukitaka, na kwenye matairi. Humu ndani usiguse."

"Umeshakuwa Mzungu siku hizi, fundi?" Casiano akacheka.

Agosti, mwezi wa Mama Ardhi, akarudia. Safari hii bia iliingia kwenye soketi ya kompyuta, pini zikaota kutu ya kijani, na kompyuta ikafa. Casiano akaenda kituo cha mabasi akawaambia madereva, "Mzee wa kabureta ameingiza waya kwenye kompyuta yangu. Mpelekeeni majiko ya mafuta ya taa, gari msimpe!"

Wakacheka, wakaacha kuja. Watu uliowatengenezea magari miaka ishirini walipita mlangoni pako wakitazama upande wa pili. Tumesoma habari za wale nzi mara nyingi, Fortunato, na bado hilo la mlangoni linatutia kichefuchefu zaidi.

Mkeo Benita alikusihi useme ukweli. Ulimjibu, "Nikisema bia ndiyo iliyoua gari, watasikia nimemtukana Mama Ardhi. Acha, mke wangu." Ukanyamaza wiki sita, ukafa hujasema.

Sisi hatunyamazi. Mama Ardhi ulimpa haki yake kila Agosti, ukimmwagia kwenye udongo wa ua wako. Hatujasikia popote kwamba anakunywa kwenye kompyuta za watu.

Wiki iliyopita Casiano alilisukuma basi lilelile mpaka kwenye karakana yako, ambayo sasa anaiendesha Eulalia. Kompyuta ilikuwa mpya. Eulalia alichomoa soketi akamsogezea puani. Ilinuka bia iliyochacha.

"Mwanangu, tafadhali," Casiano akasema, "haya yaishie humu ndani."

"Ya baba hayakuishia ndani, mjomba. Uliyasemea kituoni."

"Nilikuwa na hasira tu."

"Basi nitakutengenezea. Ila Jumapili, baada ya misa ya mwaka ya baba, utasimama mbele ya madereva wenzako useme kwamba ilikuwa bia, na kwamba alikuonya."

"Watanicheka, Eulalia!"

"Ndiyo. Watakucheka."

Casiano alikubali. Misa ni leo saa nne asubuhi, na ikiisha tutavua nguo nyeusi, kama ilivyo desturi. Madereva wote wa kituo wamealikwa, pamoja na majirani waliokuwa wakitazama upande wa pili. Casiano asiposimama, tangazo hili limekwisha kusema kwa niaba yake.

Unakumbukwa na mkeo Benita, binti yako Eulalia, mwanao Wilfredo aliyeko Cochabamba, mdogo wako Anselmo, na wajukuu wako watatu.

Hatutakusahau kamwe, Fortunato. Hukuliharibu lile gari.