Likizo ya Baba na Mkasi

Jumanne, 5 Agosti

Binti yangu mpenzi,

Pokea salamu kutoka kwa mzee wako aliye salama kiwiliwili, ingawa tumbo bado linayumba. Natumai hujambo, na tanuri pia halijambo. Njia nzima kwenye boti nilikuwa nimeinamia ndoo, na huyu Mkasi akawa anawaambia abiria kwamba mimi ni nahodha mstaafu.

Kisiwa ni kimya mno. Hakuna gari, simu haishiki mtandao, kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani. Boti huja Jumatano na Jumamosi asubuhi na kurudi jioni, na nahodha wake amekubali kubeba barua. Mwenye nyumba ya wageni ni mama mmoja mpole anayetembea pekupeku mpaka mezani. Chumba chetu kina vitanda viwili na feni inayolalamika.

Mimi na Mkasi tumegawana ukuta tangu hujazaliwa, yeye na kibanda chake cha kinyozi upande ule, mimi na mikate yangu upande huu, lakini sikujua kwamba anakoroma hivi. Naye hakujua kwamba mimi huamka kabla ya majogoo. Leo nilikurupuka nikitafuta aproni, nikamkanyaga mguu. Amenisema mpaka chai imepoa.

Hamira iangalie kabla hujaichanganya. Na ukishindwa, funga duka, nitarudi.

Baba yako


Alhamisi, 7 Agosti

Shikamoo Baba,

Sisi huku hatujambo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mbele ya tanuri, nikacheka mpaka wateja wakauliza kulikoni.

Nitakuambia ukweli kabla jirani hajakuambia. Juzi unga haukuumuka. Hamira ilikuwa imechacha, nami sikuiangalia. Nilimwaga yote nikaanza upya, mikate ikatoka wakati watoto wameshaingia darasani. Mama mmoja aliondoka akisema maneno. Leo amerudi, amechukua mikate minne, hajasema neno. Nimeanza pia kuoka mikate midogo ya maziwa, ile uliyosema haina faida. Inaisha kabla sijaipanga vizuri.

Sifungi duka, Baba. Oga baharini. Msalimie baba mdogo Mkasi, mwambie wateja wake wanazunguka na nywele kama vichaka.

Binti yako


Jumamosi, 9 Agosti

Mwanangu,

Naandika haraka, boti inangoja. Afya ni nzuri, moyo ndio sijui.

Jana tuliingia majini, maji ya kiunoni tu. Mkasi akaniambia mwanawe aliye ng'ambo amewaita, yeye na mkewe, wakaishi huko. Kibanda ameshapata mtu wa kukichukua. Mwezi ujao wanaondoka. Nikamuuliza mbona anayasema leo, na miezi yote hii tulikuwa tunaonana kila siku. Akasema, "Pale dukani kila nikifungua mdomo, anaingia mteja. Ndiyo maana nimekuleta huku."

Nilitoka majini nikamwacha huko huko.

Sasa tunakula meza mbalimbali, na mwenye nyumba anatubebea chumvi huku na huku. Nimemwomba jiko lake. Nimeoka tangu asubuhi, wageni wamefurahi sana, lakini mimi nimekanda ule unga kwa hasira tupu.

Baba yako


Jumapili, 10 Agosti

Shikamoo Baba,

Natumai barua hii itakukuta umepoa. Nimeisoma yako mara mbili, kisha nikaenda kwa mke wa baba mdogo. Alikuwa anafunga vyombo kwenye maboksi. Ananiambia safari ya ng'ambo imeahirishwa mara mbili, kwa sababu mumewe alikataa katakata kuondoka kabla hajakaa na wewe mkaongea. Alipoulizwa ana mashaka gani, alisema, "Yule atanuna, na mimi sitaweza kuondoka amenuna."

Basi na wewe ukanuna kweli.

Simtetei. Angekuambia mapema. Lakini likizo inaisha, na mkirudi hapa mtakuta wateja wamejaa mlangoni. Ongea naye, Baba. Na usije ukalisingizia tanuri, maana linakwenda vizuri.

Binti yako


Alhamisi, 14 Agosti

Shikamoo Baba,

Jana nilishuka gatini kupokea barua, nikarudi mikono mitupu. Nikamwuliza nahodha. Anasema hakupewa chochote, ila aliwaona kwa mbali wazee wawili, mmoja amekaa ndani ya toroli.

Baba, nani alikuwa ndani ya toroli? Sijalala vizuri. Nijibu, hata kama ni mstari mmoja.

Binti yako


Jumamosi, 16 Agosti

Binti yangu, usingizi wako ukurudie,

Mimi ni mzima, na aliyekuwa kwenye toroli ni mzima pia, isipokuwa unyayo.

Jumatano asubuhi Mkasi alivaa kofia akaondoka bila kuniaga, akamwambia mwenye nyumba anauzunguka ufuo wote peke yake. Baadaye watoto wakaja mbio kwa mwenye nyumba: mzee amekanyaga kile kidude cha baharini chenye miiba, amekaa juu ya jiwe anagombana nacho. Niliitia mfukoni barua yako iliyokuja na boti, niliyotoka kuisoma, nikachukua toroli la kuni nikaenda. Nilimkuta, nikampakia, naye akaanza kunifundisha namna ya kusukuma. Nikamwambia mimi nimebeba magunia ya unga maisha yangu yote, na hakuna gunia lililowahi kuniambia nipite kushoto. Akacheka. Nami nikacheka mpaka nikaliachia toroli, likapinduka naye mchangani.

Tulikaa pale pale. Nikamwambia, "Ukienda, nani atanisumbua?"

"Utakuja nikusumbue huko huko."

Nikamwambia siwezi kuliacha tanuri. Akanipangusa mchanga begani, kisha akasema taratibu, "Umeliacha karibu wiki mbili, na binti yako hajakuita hata mara moja."

Mwanangu, nikamrudisha kwenye toroli. Nilimsukuma mpaka gatini kutafuta dawa kwenye duka la pale, na barua yako mfukoni nikasahau kuijibu. Miiba imetoka yote. Tangu siku hiyo tunakula meza moja, na kila jioni ananifundisha kuelea. Nimeshaweza, mradi asiniachie kichwa.

Ataondoka, hilo halibadiliki. Nitamsindikiza mpaka atakapoingia ndani ya ndege.

Tunarudi Jumatano. Mikate ya maziwa usiiache. Na Jumatatu, ukishamaliza ya asubuhi, pita ofisi ya uhamiaji uniulizie pasipoti inapatikanaje. Wakikuuliza sababu ya safari, waambie naenda kusumbuliwa.

Baba yako