Kurasa Kumi na Nne

Singida Mjini,
Jumatatu mchana.

Kaka yangu Ramadhan,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Rahma na watoto, na kile kifua chako kiwe kimetulia sasa baada ya vumbi la Itigi kupungua. Sisi huku hatujambo. Mama yuko Unyambwa, goti linamsumbua asubuhi, likishapata jua linamwachia, na ulimi wake haujaumwa hata siku moja. Ameniagiza nikuulize kama Itigi hakuna kinyozi, maana picha uliyotuma siku ya Idd imemsikitisha. Mimi na baba Saada tunahangaika na duka. Vitenge vinatoka, alhamdulillahi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kaka, simu yako unaiweka spika juu ya kaunta, na kila anayekuja kununua misumari anajua habari za ukoo wetu kuliko shangazi. Hili la leo si la wanunuzi wa misumari. Ndiyo maana nitampa kondakta wa basi bahasha hii na kumwapisha kwamba ataitia mkononi mwako. Tafadhali isome yote kabla hujaanza safari ya Jumamosi. Ukija bila kuisoma utaaibika mbele za watu, na aibu yenyewe nimeitengeneza mimi.

Unakifahamu kile kikundi chetu cha wasomaji kinachokutana Jumamosi saa kumi, chumba cha nyuma cha duka langu. Tuko watano. Mimi ni katibu. Mwenyekiti ni Mzee Mughwai, bwana shamba mstaafu, anayesoma riwaya huku akisahihisha kilimo cha wahusika kwa penseli. Yupo mwalimu Selina wa sekondari, ambaye kitabu kisipokuwa na funzo anakitazama kama mwanafunzi aliyechelewa. Yupo Gervas, fundi redio, ambaye asipokufa mtu kabla ya ukurasa wa ishirini anapiga miayo. Na yupo Damari anayeuza kuku, yeye akishika kitabu kwanza anatafuta harusi iko ukurasa gani, akiikuta ndipo anaanza mwanzo kwa moyo mweupe.

Taratibu zetu ni hizi. Kila mmoja kwa zamu yake analeta kitabu kutoka nyumbani. Kitabu kinazunguka, kila mtu siku kumi, na ukishakimaliza unafunga mdomo mpaka wa mwisho naye amalize. Hapo ndipo tunakaa na kusemezana. Asiyemaliza kitabu analeta jogoo, na anayekiharibu analeta majogoo wawili. Sheria ya jogoo ilipendekezwa na Damari. Kwamba yeye ndiye muuza kuku hatukulifikiria mpaka tulipokwisha kunyoosha mikono.

Basi zamu yangu ikafika, nami sikuwa na kitabu ila kile chako kilichobaki kwenye sanduku la marehemu baba. Kile cha Salehe, mwana aliyegombana na baba yake akaondoka nyumbani, akazunguka miaka thelathini, hatimaye akarudi. Nilikivisha jalada jipya la karatasi ya kaki nikakiachia kiende. Kaka, nakukumbusha jinsi kitabu kile kinavyoishia. Salehe anafika mlangoni kwao, anabisha hodi, na chini kabisa ya ukurasa limebaki neno moja, "Ndani". Baada ya hapo hakuna kitu. Kurasa kumi na nne hazipo.

Nilifanya makusudi, sikufichi. Nilitaka kuona nani kati yao atasimama aseme kitabu hakina mwisho. Kumbe hakuna. Kila aliyefika kwenye lile "Ndani" alidhani kurasa zimepotelea nyumbani kwake, akakumbuka majogoo wawili, akanyamaza. Jumamosi ya mazungumzo ilipofika, wote wanne walikuja wamekimaliza.

Mzee Mughwai alianza. Alisema mwisho umemgusa sana, pale baba anapotoka na jembe, anamkabidhi Salehe ekari tatu, na wanapanda alizeti kwa mistari, mche na mche futi moja. Selina akamtazama. Akasema yeye alivyosoma, baba alikwisha kufa, na Salehe analia kaburini akiwaasa vijana watatu. Gervas akauliza kama wanazungumzia kitabu hicho hicho, maana cha kwake ndani ya nyumba kulikuwa na jambazi, na Salehe anapigwa risasi ya bega. Damari akawahurumia wote. Akaeleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba ndani alikuwemo mchumba aliyemngoja miaka thelathini, na pilau ilikuwa imeshatengwa.

Mimi nilikuwa nimeinamia daftari la mahudhurio, nimeuma khanga. Nilidhani watacheka, yaishe. Lakini kila mmoja alijua wa kwake ni wa kutunga, akaamini kwamba kati ya wenzake yupo aliyeusoma wa kweli, na kwa hiyo kurudi nyuma ni kujishtaki. Wakashupaa. Mzee Mughwai, mtu mzima na mvi zake, alimwambia Selina kwamba mwalimu anayeruka kurasa ndiye anayefelisha watoto wa wenzake. Selina akasimama, akasema Dodoma kuna binamu yake mwenye kitabu kama hicho, kizimakizima, na ataagiza kiletwe watu waumbuke. Wakaondoka hawajaagana. Tangu siku ile wakipishana sokoni mmoja anageukia vitunguu na mwingine anageukia nyanya.

Wiki hiyo hiyo wakaanza kunijia mmoja mmoja, mimi katibu wao. Gervas alikuja na chupa ya gundi, akakiri kwamba kurasa hizo huenda mkewe aliwashia jiko, akaomba nisimwambie mtu. Mzee Mughwai alileta asali lita nzima kutoka Sepuka na kuwasingizia wajukuu. Damari alisema ni mbuzi, akaniachia mayai trei moja. Selina alikuja mwisho, macho mekundu. Hajui kurasa ziliangukia wapi, pengine shuleni. Lile la binamu alilisema kwa hasira, lakini alipofika nyumbani alimkuta binamu mwenyewe amepiga simu kwa jambo lingine, akajikuta ameshaagiza. Kitabu kinakuja. Kitamfikia Ijumaa, na hana namna ya kukizuia bila kujieleza. Nilimpa chai nikamtuliza. Mayai nimekaanga na asali nimeila, siwezi kukudanganya.

Ndipo Mzee Mughwai alipopata wazo lake kubwa, kwamba aitwe mwenye kitabu. Alikupigia mbele yangu, nawe ukamjibu kwa sauti ile ya mkutano wa harusi kwamba utakuja mwenyewe na utawapa mwisho kama ulivyo kitabuni, neno kwa neno. Nilijua umeshajisahau. Umeusimulia mwisho ule miaka yote hii mpaka umeamini uliusoma. Jumamosi utasimama uwape, na Selina atakuwa amekaa na kitabu kizima mapajani. Hawa watu wakianza kuumbuana, hicho kikundi kimekwisha, na wa kwanza kuumbuka ni wewe. Mimi bila ile Jumamosi sijui wiki yangu ingekuwa ya nini. Nakipenda kikundi hiki kuliko ninavyoonyesha.

Sasa vuta kiti ukae. Utajiuliza nimejuaje kwamba hukusoma mwisho. Nimejua kwa sababu kurasa hizo nilizitoa mimi.

Ilikuwa mwaka ule wa mvua za elinino. Wewe ulikuwa kidato cha pili, mimi nina miaka tisa. Unakumbuka desturi ya baba. Yeye alisoma maandishi ya Kiarabu tu, kwa hiyo alikununulia kitabu, nawe ukikimaliza unatusimulia sote baada ya chakula cha jioni, na bila kusimulia hakuna kitabu kingine. Nilikuomba kitabu hicho ukaniambia si cha watoto, ukakiweka juu ya kabati. Nikapanda debe. Nikachukua wembe wa baba, nikakata kurasa za mwisho kwa adabu kabisa, nikazificha chini ya mkeka wa mama. Nilitaka uzikose, uje kuniomba, nami nikupe kwa sharti la kunisomea kitabu chote tangu mwanzo. Nilikungoja siku mbili. Hukuja.

Siku ya tatu baba akakuuliza kama umemaliza. Ukasema ndiyo. Nilijua leo utakwama mlangoni pamoja na Salehe. Wewe hukukwama. Ulisimulia mpaka hodi, halafu ukasema kwamba ndani sauti ya baba yake ilijibu bila hata kuuliza ni nani: "Pita mwanangu, chakula kinapoa." Ukasema Salehe akavua viatu, akaingia, akanawa mikono. Basi.

Na baba akalia. Wewe ulidhani ni moshi, mimi nilimwona. Alikuwa mtu aliyeondoka Pangani amegombana na babu, akaja huku bara kuuza chumvi, akaoa Mnyaturu bila radhi ya kwao, na babu akazikwa yeye hayupo. Hakupata kubisha hodi. Tangu jioni ile, kila alipopata homa au huzuni alikuambia umsimulie cha Salehe, hata ulipokuwa na ndevu.

Nilizisoma zile kurasa kesho yake, kwa kuunganisha herufi. Kaka, mwisho wa kweli ni huu: mlango anafungua mpangaji, anasema waliokuwa wakikaa hapo walihama zamani. Salehe anashukuru na kuondoka. Halafu mwandishi anaeleza faida za kuwatii wazazi, ya kwanza mpaka ya saba, kurasa kumi na mbili, na ya tano inafanana na ya pili. Nilikasirika nikazirudisha chini ya mkeka. Ningekutajia ungelazimika kumwambia baba, na baba angebaki na mpangaji. Nikanyamaza. Nisamehe. Miaka mingi nimekucheka moyoni kwamba wewe ni mwongo, kumbe wizi ulianza kwangu.

Lipo jingine, na hili sikupanga kukuandikia, lakini nimefika hapa siwezi kuliacha. Baba alijua. Ule mwaka wa mwisho, nikimpaka mafuta ya miguu, aliniambia kitabu cha kaka yangu hakina mwisho. Asubuhi baada ya masimulizi alikichukua akakipeleka kwa mwalimu jirani amsomee tena pale mlangoni, ausikie mara ya pili. Mwalimu akamwonyesha kwamba hakuna kitu. Nikamuuliza mbona hakukwambia.

Akasema, "Nimwambie ili iwe nini? Mwandishi wa kitabu simjui. Aliyenifungulia mlango ni mwanangu."

Akaongeza kwamba wembe wake asubuhi ile ulikuwa butu, akajua na hilo ni kazi yangu, ila aliona kuwakemea watoto wawili kwa siku moja kutamchosha.

Kwa hiyo nimeamua. Jumamosi, kabla Selina hajafungua mkoba wake, nitasimama niseme kwamba hakuna aliyeharibu kitabu, kurasa nilizikata mimi nikiwa na miaka tisa, na kwamba hawa wanne ni waongo hodari na kikundi kijivunie. Majogoo wawili watatoka kwa mama, na itabidi nimweleze sababu, niombee. Gundi nitamrudishia Gervas.

Kurasa zenyewe nimezikunja humu ndani ya bahasha. Ni zako, zisome au wifi azifungie vitumbua. Ila usiache kuja. Na Mzee Mughwai atakapokuuliza mbele ya wote ndani kulikuwa na nini, mwache Selina awasomee mpangaji wake kwanza na faida zake saba. Wakishachoka, wewe wape ule uliompa baba. Usiwaambie ni wa kitabu. Waambie ni wa kwako.

Msalimie sana wifi Rahma, mwambie kitenge chake cha bluu nimemwekea. Watoto wote wabusu, na mkubwa umsisitize aache simu ashike kitabu, chochote, hata kisicho na mwisho. Mama na baba Saada wanakusalimu. Mwenyezi Mungu akufikishe salama, kaka yangu.

Wako mdogo, mwenye makosa,

Ziada Sultani